Ukungu wa Jumapili

Mliobaki kwenye zamu mmeniomba niandike. Mnasema mzee akiondoka anaondoka na mtambo kichwani. Si kweli. Mtambo nimeuacha pale pale kando ya ziwa, nilichoondoka nacho ni maswali. Lakini nimestaafu juzi tu, mke wangu bado hajazoea kuniona nyumbani saa nne asubuhi na kila nikigusa jembe ananiuliza nani kaniambia migomba ile inahitaji palizi. Kwa hiyo muda ninao. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nililipwaje akaulize ofisini. Mimi nitaandika habari za maji na uchafu mdogo unaokaa ndani yake, ambao nimeupiga vita miaka yote na sijawahi kuuona sawasawa.

Shule niliishia darasa la nne. Nasema mapema, mtu asije akaokota kosa la kuandika akadhani kagundua kitu. Sisi Wahaya tunasifiwa nchi nzima kwa kupenda shule, mpaka tunaitwa Nshomile, neno letu la kusema "nimesoma". Kazini na mimi niliitwa Nshomile, na kila aliyeniita alicheka. Niliitika. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, watoto nimewasomesha, na mji mzima umekunywa maji yaliyopita mikononi mwangu bila mtu kuniuliza cheti.

Jina la mtambo sitaliandika, wahusika wengine wako hai na wanasoma. Inatosha mjue ni mtambo mdogo upande wa Muleba, unavuta maji ziwani, unayasafisha, unayapandisha kwenye tangi la kilimani, na kutoka huko yanashuka mjini yenyewe.

Nilifika pale bila kukusudia. Nilikuwa kibarua Bukoba mjini, nashusha mizigo kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza mabomba na vifaa vya ujenzi. Siku moja akanipandisha kwenye lori lenye magunia ya shabu, dawa ya kutakasia maji, nikayashushe Muleba nirudi jioni. Sikurudi. Pale mtamboni palikuwa na mzee mmoja wa Kashozi, Mzee Kyaruzi, Mkatoliki wa kuamka na rozari mkononi, mfupi, mwenye macho makali kuliko ulimi. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa. Akanitazama nikibeba magunia, akasema, "Wewe una mgongo. Kichwa tutaona." Ndiyo usaili wangu wote.

Siku ile ile akanikalisha mbele ya meza yenye majagi ya kioo yaliyojaa maji ya ziwa. Kila jagi alilitia maji ya shabu, moja kidogo, jingine zaidi, jingine zaidi, akakoroga yote kwa haraka, kisha polepole.

"Kaa hapo," akasema. "Maua yakitokea niite."

"Maua gani, mzee?"

"Maua. Kwani hujawahi kuona maua?"

Akatoka. Nikakaa. Dirishani palikuwa na shamba la kahawa la jirani, nami nikaona kazi ni rahisi, nikaweka macho kwenye mibuni. Aliporudi akanikuta nimempa majagi mgongo.

"Unatazama nini nje?"

"Maua, mzee. Naona mibuni bado haijachanua."

Alishika kiuno, akaita watu wote wa pampu waje wanione. Kumbe maua yalikuwa ndani ya jagi. Uchafu wa ziwani ni mdogo kiasi kwamba hauzami. Unaelea tu kama vumbi kwenye mwanga. Ukitia shabu kwa kipimo chake, ule uchafu unashikana, unakuwa vipande vyeupe vyeupe kama maua ya kahawa yaliyopukutika, vinakuwa vizito, vinashuka chini. Kinachobaki kinakamatwa na mchanga wa machujio. Hiyo ndiyo kazi yote. Niliielewa siku ile ile, na tangu siku ile imenichanganya.

Kwa mfano, shabu. Mimi nilidhani kama kidogo kinasafisha, kingi kitasafisha zaidi. Nani asingedhani? Mvua za masika zikaja, mto ukamwaga tope ziwani, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mzee Kyaruzi alikuwa ameenda kumzika shemeji yake. Tukaongeza shabu. Maji yakabaki na ukungu. Tukaongeza tena. Ukungu ukazidi, na maua hayakuonekana hata moja. Mzee aliporudi alionja maji kwa ncha ya ulimi, akatema, akapunguza shabu karibu nusu, akatia chokaa kidogo, na baada ya muda maua yakaanza kudondoka kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Ukiweka chumvi nyingi kwenye maharage yanakuwa matamu zaidi?"

"Hapana."

"Basi."

Hilo halikuwa jibu, na alijua. Yeye mwenyewe hakuwa na jibu jingine. Alijua tu kwamba ndivyo ilivyo. Vijana, nawaambia kwa uwazi: sehemu kubwa ya ufundi niliorithi ilikuwa hivyo. Tulijua ndivyo ilivyo. Kukoroga vilevile. Ukipunguza mno mwendo maua hayakutani, ukizidisha mwendo yanavunjika na hayashikani tena. Tulikuwa na mtu aliyetoka kwenye ukamuaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambako kadiri unavyokanda kwa nguvu ndivyo unavyopata zaidi. Alikoroga majagi kama anakamua ndizi za harusi. Tulimhamishia kwenye kufyeka nyasi, na nyasi alizifyeka vizuri sana.

Sasa nifike kwenye machujio, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mzee Kyaruzi alinifundisha kuosha chujio: unafunga maji yanayoshuka, unarudisha maji masafi kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, mchanga unachemka kama uji, uchafu unapanda na kumwagika kwenye mfereji. Ukimaliza mchanga unang'aa, unatamani kuulalia. Na palikuwa na utaratibu, ambao yeye naye aliukuta: machujio yote yanaoshwa Jumamosi alasiri, ili Jumapili watu wapate maji masafi kuliko siku zote. Watu wataoga waende kanisani, watapika vizuri, watapokea wageni. Mzee alikuwa Mkatoliki, mimi Mlutheri, na kwenye jambo hili hatukuwa na ugomvi hata kidogo. Swaibu, mwendesha pampu, aliyekuwa Mwislamu, alikuwa akinung'unika.

"Na sisi Ijumaa yetu? Tunaoga maji ya chujio la siku sita?"

"Mchanga bado haujasilimu," nikamjibu. "Ukisilimu tutaosha Alhamisi."

Mzee Kyaruzi alistaafu, akarudi Kashozi, baadaye Mungu akamchukua. Utaratibu ukabaki. Nikiwa mkuu wa zamu niliusimamia kuliko yeye. Kila Jumamosi nilivua viatu, nikapanda ukingoni, nikatazama mchanga ukichemka mpaka maji ya juu yawe angavu. Sikuwahi kumwachia mtu mwingine.

Miaka ya karibuni mji ukakua. Nyumba zikapanda mlima hadi nyuma ya tangi, lakini tangi likabaki lile lile. Ndipo ofisi ikatuletea Asimwe, binti wa Kimwani mwenye cheti cha maabara, kwa mkataba wa muda. Alikuja na mashine ndogo ya kupima ukungu wa maji. Unajaza kichupa, unakitumbukiza, unafunika, inakupa namba. Namba ndogo maji mazuri, namba kubwa maji mabaya. Mimi nilikuwa na macho. Yeye alikuwa na mashine. Tulisalimiana kwa heshima.

"Shikamoo tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu.

"Marahaba. Hiyo inakula betri?"

"Inakula."

"Macho yangu hayali."

Akatabasamu, akaendelea kufuta vichupa vyake kwa kitambaa laini, kwa sababu alama ya kidole tu kwenye kioo inatosha kuidanganya mashine. Hilo lilinifurahisha. Kitu kinachodanganywa na kidole!

Asimwe alipewa kupanga kipimo cha shabu kwa kufuata namba zake. Siku za kazi namba zilikuwa nzuri. Lakini kila Jumapili asubuhi maji yaliyoshuka kutoka kilimani yalikuwa na ukungu. Si tope, ukungu. Kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Jumatatu mchana yalikuwa yameshatulia. Malalamiko yakaanza. Mama mmoja mzee wa kanisa, wa usharika wetu, alileta chupa mtamboni akaiweka mezani kwangu bila kusalimia.

"Haya ndiyo maji ya ubatizo," akasema. "Mchungaji kachota, watu wote wameona. Mtoto kabatizwa kwa maziwa."

"Ni ukungu kidogo tu, mama."

"Ukungu kidogo usomewe Baba na Mwana na Roho Mtakatifu?"

Nikaisogeza chupa pembeni. Jana yake tu nilikuwa nimeosha machujio kwa mikono yangu, yakang'aa. Nikasema moyoni, tatizo si mchanga. Tatizo ni shabu, na anayepanga shabu ni mashine.

Meneja naye aliwaza hivyo. Meneja wetu alikuwa mtu wa Kagoma, msomi, mwenye haraka, si mbaya. Alikuja akatuita mimi na Asimwe na Swaibu, akasema zamani malalamiko ya Jumapili hayakuwepo, mashine haikuwepo, sasa vyote viwili vipo. Akamgeukia Asimwe.

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi ujao. Jumapili zikinyooka nitausaini tena. Zisiponyooka siwezi kuueleza mkoani."

Alipoondoka Asimwe alibaki amesimama na kitambaa chake. Hakulia. Aliniambia, "Tata, nikitolewa hapa kwa sababu ya maji machafu, ni mtambo gani mwingine utanipokea? Hii kazi ina watu wachache, wote wanajuana." Alisema kweli. Kwetu habari ya mtu inafika Bukoba kabla yake.

Hapo nilichanganyikiwa. Binti nilimwona kila siku. Alipima kwa uangalifu, alirudia, aliosha vichupa mara mbili. Kama mtu anafanya kazi hivyo, ukungu unatoka wapi? Na kama kosa si lake, ni la nani? Machujio nayaosha mimi.

Akajaribu kila kitu. Alipunguza shabu Jumamosi, Jumapili ukungu ukaja. Akaiongeza, ukaja. Alibadilisha mwendo wa kukoroga, ukaja. Swaibu akatoa nadharia yake, kwamba ziwa ni la Kilutheri na siku ya Bwana linapumzika kusafishwa. Mimi nikashuku majani ya kijani ya ziwani yanayokuja na upepo, lakini upepo hauna kalenda.

Halafu pampu ya kuoshea ikaungua, Jumamosi, mchana. Moshi, harufu, kimya. Fundi alikuwa Bukoba na angekuja wiki inayofuata. Siku ile hatukuosha hata chujio moja. Nilienda nyumbani nikiwa mgonjwa. Nilimwambia mke wangu kesho usiende kanisani, watanipiga mawe pale pale mlangoni. Akasema ataenda, ila atakaa mbali nami.

Jumapili ile maji yalikuwa kama hewa.

Nasema kama hewa. Mama mzee wa kanisa alinipa mkono. Mchungaji alisema kutoka mimbarini kwamba ndugu zetu wa maji wamesikia. Mimi nilikaa pale na kitabu cha nyimbo mbele yangu, siimbi, kichwa kinazunguka. Tumesikia nini? Hatukufanya kitu. Ni mara ya kwanza hatukufanya kitu!

Jumatatu Swaibu alinipokea getini. "Nshomile! Mungu wenu anapenda chujio chafu."

"Nyamaza."

"Nakuuliza tu. Mwaka mzima unamwoshea, anakutumia ukungu. Umeacha, anakutumia maji ya chemchemi."

Asimwe hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekunja uso. "Tata," akasema, "tukipata pampu, naomba tuoshe chujio moja tu. Siku ya kawaida. Nikae kwenye bomba lake la kutokea nipime tangu mwanzo."

"Unataka kupima chujio safi?"

"Ndiyo."

"Utakuta safi."

Pampu ilipotengenezwa tukaosha moja. Niliosha mimi, kama siku zote, mpaka mchanga ukang'aa. Tukalifungulia maji. Asimwe akakinga, akapima, akanionyesha. Namba ilikuwa mbaya kuliko ile iliyokuwa kabla hatujaosha. Nikamwambia kuna alama ya kidole. Akafuta. Namba ile ile. Nikafuta mimi mwenyewe kwa shati langu. Ikazidi kuwa mbaya, lakini hilo lilikuwa shati. Tukaendelea kukinga. Namba ikashuka, ikashuka, taratibu sana, na wakati wa chakula cha mchana ikawa nzuri kabisa, na kesho yake nzuri zaidi, mchanga ukiwa umeanza kuchafuka.

Siku nyingine tukarudia kwa chujio jingine. Vilevile.

Asimwe alinieleza. Mchanga uliooshwa umebaki mtupu, matundu yake yako wazi, uchafu mdogo unapita katikati. Ule uchafu wa kwanza unaonasa ndio unaoziba matundu na kunasa mwingine. Na sisi tulikuwa tunaosha yote kwa mkupuo, kwa maji ya tangi lenyewe, tangi linashuka hadi karibu na sakafu, kisha tunalijaza haraka kwa maji ya machujio yote matupu, na mji unakunywa hayo alfajiri. Zamani, mji ukiwa mdogo, tangi lilibaki na maji mengi mazuri ya kuumeza ukungu huo. Labda na tope la chini ya tangi nalo linaamka. Akasema hajui ni kiasi gani cha hili na kiasi gani cha lile. Nilipenda aliposema hajui.

Lakini kuelewa? Nilisimama ukingoni nikitazama mchanga wangu uliong'aa, yaani kazi ya Jumamosi zangu zote na za Mzee Kyaruzi kabla yangu, nikajaribu kuweka kichwani kwamba safi ndiyo inapitisha uchafu na chafu ndiyo inazuia. Haikuingia. Ilikuwa kama kuambiwa shuka likiwa na funza usingizi unakuwa mzuri.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku mkataba ulipokuwa unaisha, Meneja alikuja kutoka kanisani moja kwa moja, na tai shingoni. Jumapili ile nzuri aliiita bahati, kwa hiyo tulikuwa tumemtayarishia ushahidi kwamba ukungu unatokana na kuosha: chujio moja limeoshwa asubuhi ile na kufunguliwa muda mfupi tu, jingine halijaguswa tangu mwanzo wa wiki. Asimwe akakinga glasi mbili, akaleta na mashine. Meneja akaisukuma mashine pembeni.

"Hii nayo ni mshitakiwa. Siwezi kuifanya shahidi." Akachukua glasi, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akaangalia moja, akaangalia nyingine. "Naona sawa."

"Zina tofauti, mkubwa," Asimwe akasema.

"Nshomile. Wewe ndiye jicho la mtambo huu. Unaonaje?"

Nikazichukua. Nikazitazama kama nilivyofundishwa, juu ya kitambaa cheusi, juu ya kitambaa cheupe, kwa jicho moja, kwa mawili. Mimi simdanganyi mtu hata kwa huruma. Nikasema, "Naona sawa."

Asimwe alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake. Meneja akanipokea glasi, akaziweka chini. "Basi yameisha. Pole binti, umefanya bidii."

"Mkubwa," Asimwe akasema kwa sauti ndogo. "Mashine haitazami hivyo. Inamulika kutoka pembeni, gizani. Una simu yenye tochi?"

"Kila mtu anayo."

"Tuingie stoo ya klorini. Ni dakika tu."

Meneja alinitazama mimi. Nikainua mabega. Tukaingia wote, Swaibu akavuta mlango, giza likawa zito na ile harufu ikatupanda puani mpaka macho yakatoka machozi.

"Mnataka kuniua mnizike humu na tai yangu?" Meneja akakohoa.

"Mulika hii, mkubwa. Kwa ubavuni."

Akamulika glasi ya kwanza. Mwanga ulipita ndani ya maji na ukaonekana kidogo tu, kama uzi. Akamulika ya pili. Mwanga ukasimama ndani ya glasi kama fimbo nyeupe, fimbo ya moshi, kutoka ukuta huu hadi ukuta huu. Meneja akazibadilisha nafasi mwenyewe, akidhani labda ni simu. Fimbo ikahama na glasi yake.

Nimefanya kazi na maji umri wangu wote. Siku ile ndipo nilipoyaona yakiwa na kitu ndani ambacho jicho langu lilikuwa limeapa hakimo.

"Hii yenye moshi ni ya chujio gani?" Meneja akauliza.

"Lililooshwa leo," nikasema.

"Na hii nzuri?"

"Halijaguswa wiki nzima."

"Semeni tena, polepole."

Tukasema tena. Swaibu akafungua mlango kwa sababu sasa wote tulikuwa tunakohoa. Tukasimama nje kwenye jua tukipangusa macho kama watu waliotoka msibani. Meneja alikuwa bado na glasi zote mbili mkononi.

"Ngojeni," akasema. "Bibi yangu pale Kagoma alikuwa anafukia ndizi za rubisi kwenye shimo, anazifunika majani ya mgomba. Sisi watoto tukizifukua mapema tukazikamua, hazitoi kitu. Bibi anatupiga. Ndizi ni zile zile, shimo ni lile lile. Hazijaiva tu." Akamgeukia Asimwe. "Mnachoniambia ni kwamba chujio likitoka kuoshwa linakuwa bichi."

Asimwe akadakia. "Ndivyo hasa, mkubwa. Ni bichi. Linahitaji kuiva."

"Na nyinyi kila Jumamosi mnayafukua yote yakiwa mabichi na kuulisha mji."

"Tunayaosha," nikasema, maana hilo lilinichoma. "Kwa nia njema."

"Najua ni kwa nia njema, mzee wangu. Bibi yangu naye alitupiga kwa nia njema."

Hapo ndipo lilipozaliwa neno mnalolitumia mpaka leo bila kujua lilikotoka. Chujio bichi, chujio limeiva. Na ndipo ulipozaliwa utaratibu wenu: chujio moja kwa siku yake, katikati ya wiki, si yote pamoja, ukimaliza kuosha liache litulie, ufungue koki pole pole, si kwa papara, maji ya mwanzo yaende mferejini mpaka mashine iseme limeiva. Na asije mtu akasema Mzee Nshomile kasema msioshe. Chujio lililoiva kupita kiasi linaoza kama ndizi, mchanga unafanya madonge, na siku hiyo uchafu wote lilioukamata linauachia kwa mkupuo. Osheni. Ila msiulishe mji maji ya chujio bichi.

Lakini bado Meneja alikuwa hajasema lile lililomhusu Asimwe. Alizunguka na glasi zake, akazimwaga, akarudi.

"Mkoani wataniuliza tumefanya nini maji yakawa mazuri. Nijibu nini?"

"Jibu tuliacha kuosha Jumamosi," nikasema.

"Wakinifukuza?"

"Wakikufukuza, mkubwa," Asimwe akasema, "njoo hapa nitakufundisha kupima."

Swaibu aliacha kukohoa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Binti wa mkataba wa muda, siku ya mwisho ya mkataba wake, kumwambia Meneja maneno yale! Hata yeye mwenyewe alishtuka, akaziba mdomo kwa kile kitambaa chake cha vichupa. Meneja alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalegeza tai.

"Waitu, jamani, huyu mnamwona?" akatuambia. "Lete hiyo karatasi nisaini kabla hajanitukana vizuri zaidi."

Akasaini juu ya boneti ya gari, akaondoka kwenda kula chakula chake cha Jumapili.

Tulitembea mimi na Asimwe kuelekea barabarani. Nikamwomba anieleze tena, polepole, vipi uchafu unazuia uchafu, na kwa nini jicho langu halikuona kile ambacho tochi ya simu iliona. Akanieleza njia nzima, akionyesha kwa vidole, hii punje, hili tundu, huu mwanga. Niliitikia kwa kichwa kila neno. Tulipofika kituoni nikamwambia ukweli, kwamba sijaelewa hata moja.

"Basi utanieleza tena kesho," nikasema.

"Kesho nipo, tata," akasema.